Kujuana na kujulikana

Kila nilipompigia mama simu Tanga kumwambia kwamba nimepeleka maombi ya kazi mahali, hakuuliza ni kazi gani wala mshahara wake kiasi gani. Aliuliza: "Una mtu pale?"

Sina haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili mtu huyo ni nani. Ni yule aliye ndani, anayeweza kuitoa bahasha yako chini ya rundo akaiweka juu. Mimi sikuwa naye. Baba alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, mama akiuza maandazi asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, na katika ukoo wetu wote hakuwapo aliyewahi kukalia kiti cha ofisi yenye kiyoyozi. Nilihitimu shahada yangu ya Kiswahili mwaka 2014, nikaanza kuzunguka Dar es Salaam na bahasha ya kaki mkononi: Posta, Upanga, Mikocheni, mpaka soli za viatu zikalika upande mmoja. Makatibu muhtasi walinipokea vizuri tu. "Iache hapo, tutakupigia." Sikuwa na sababu ya kuwachukia, nao hawakuwa na sababu ya kunikumbuka.

Mwaka 2015 kijana mmoja wa steshenari ya Mwenge, nilikokuwa nikitoa kopi za vyeti, aliniambia kwamba siku hizi watu wa maofisini wako LinkedIn. Nikanunua bando la wiki, nikafungua akaunti kwa simu. Nilipoona majina ya mameneja na wakurugenzi yamejipanga pale, kila jina na kitufe chake cha kuomba kuunganika, moyo ulinidunda. Nikajiambia: watu ndio hawa. Mwezi ule wa kwanza niliomba kuunganika na watu zaidi ya 400. Karibu nusu walikubali, na kila aliyekubali nilimtumia ujumbe uleule, niliouandika mara moja na kuunakili: habari za kazi, mimi ni fulani, nina shahada ya Kiswahili, naomba unisaidie nafasi yoyote itakayopatikana. Walionijibu ni watano, na wote walisema watanijulisha.

Bahasha ya kaki ilikuwa ileile, nimeihamishia kwenye simu. Nilichukua miaka kuliona hilo, na naandika haya kwa sababu kila wiki napokea ujumbe kama ule kutoka kwa wadogo zangu waliomaliza chuo. Nikiusoma namwona yule msichana wa Mwenge niliyekuwa mimi, na natamani angekuwapo wa kumkalisha chini akamweleza.

Kazi yangu ni kufasiri, kwa hiyo nitaanza na kitenzi. Kutokana na kujua, Kiswahili kimetupa kujulikana na kimetupa kujuana. Ukijulikana, watu wanakujua wewe; wewe huna haja ya kuwajua. Msanii anajulikana, mbunge anajulikana, hata mwizi sugu wa mtaa anajulikana. Lakini kujuana kuna ile -na mwishoni, na -na haikubali upande mmoja. Huwezi kujuana na mtu ambaye hakujui, wala huwezi kujuana peke yako. Mitandao ya kijamii imetupa vipimo vingi vya kujulikana: idadi ya wafuasi, idadi ya waliopenda, idadi ya waliotazama. Kwa kujuana haikutupa kipimo chochote. Mimi nilikuwa nikitafuta kujulikana na wakubwa, nikadhani ndiko kujuana.

Kilichonibadilisha ni neno moja la kitabibu.

Tangu 2017 nilikuwa msomaji wa kimyakimya katika kundi la Facebook la wafasiri na wakalimani wa Kiswahili. Watu wa Nairobi, Mombasa, Zanzibar, Kampala, Bukavu, Muscat, London; mmoja anauliza istilahi, kumi wanabishana. Mimi nilisoma tu. Nilikuwa nimeshapata vibarua vya kufasiri hapa na pale kwa bei ya kutupa, na niliona aibu kusema lolote mbele ya watu waliofanya kazi hiyo miaka ishirini.

Ikafika Machi 2020. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Tanzania, na wiki ileile kundi likafurika maswali. Kila shirika duniani lilitaka vipeperushi vya Kiswahili, na vinatakiwa jana. Dada mmoja wa Mombasa akauliza: mtu aliyekutana na mgonjwa, tunamwambiaje akae ndani siku 14 bila kuchangamana na wengine? Majibu yakaja: ajitenge, ajikarantini, ajitenge binafsi. Wengi waliafiki "ajitenge".

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba niliyopanga Tabata, na kwa mara ya kwanza sikuweza kunyamaza. Niliandika kwa dole gumba karibu dakika 40. Nilieleza kwamba kwetu, mtu aliyejitenga ni mwenye kinyongo au mwenye majivuno, na aliyetengwa ni yule ambaye ukoo umemkataa. Bibi yangu akiletewa karatasi inayomwambia ajitenge, ataelewa kwamba anaambiwa awasuse wajukuu zake, na hatakubali. Basi tusiandike jina la tendo, tuandike tendo lenyewe: kaa chumbani mwako peke yako siku 14, chakula uwekewe mlangoni, anayekuletea akishaondoka ndipo ufungue. Nikaongeza kwamba nyumba nyingi za watu watakaosoma karatasi hizo zina chumba kimoja cha watu watano, na kipeperushi kisichosema lolote kuhusu chumba hicho hakijafasiriwa bado, hata kama kila neno lake ni la Kiswahili.

Yule dada wa Mombasa alijibu usiku. Alishukuru, akakubali nusu, nusu akaikataa, na tukaendelea kwa siku tatu. Lililotukutanisha hasa ni barakoa. Tanzania neno lile lilienea kwa kasi ajabu wiki zile. Yeye alisema Kenya wanaona "maski" inatosha, na isitoshe barakoa yeye anaijua ni kitu kingine kabisa. Bibi yake alikuwa nayo sandukuni: kile kifuniko cha uso cha kitambaa kigumu, chenye nafasi ya macho, walichovaa wanawake wa pwani wa zamani na ambacho huko Oman na Ghuba wapo wanaokivaa hadi leo. Akaipiga picha akaniletea. Ilikuwa imefifia rangi, na uzi wa dhahabu pembeni umeanza kufumuka. Mtoto wa fundi cherehani, nikaangalia ule mshono kuliko nilivyoangalia picha yenyewe, nikamwandikia jinsi baba angeurudishia. Kuanzia siku ile hakuwa mtu wa kundini tena.

Mwezi Juni nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu kabisa. Alikuwa mkalimani wa hospitalini katika jimbo la Kentucky, Marekani, akihudumia familia za wakimbizi kutoka Kongo. "Samahani dada, wewe ndiye uliyeandika habari ya chumba kimoja?" Alikuwa kundini miaka yote ile, hajawahi kuandika neno. Alitaka nimsaidie kuhakiki maelezo ya afya kwa ajili ya familia hizo. Nikafungua matini, na ukurasa wa kwanza tu nikaona kwamba Kiswahili changu hakitoshi. Mama wa Bukavu au Uvira anamwita daktari munganga, na sentensi nilizozizoea mimi zinamfikia kama hotuba ya redioni: anazielewa, lakini hazisemi naye.

Ningeweza kuichukua kazi ile na kuipitisha hivyohivyo. Nilikuwa na kodi ya miezi mitatu shingoni. Lakini nilimwambia ukweli, kisha nikamtafuta kundini kaka mmoja mzaliwa wa Bukavu anayeishi Kampala, ambaye mwaka mzima nyuma niliwahi kusoma maelezo yake mazuri kuhusu maneno ya uzazi. Tukaifanya wote wawili, tukalipwa wote wawili. Yule dada wa Kentucky akatutaja kwa wakala wa tafsiri anayemfahamu, wakala akatutaja kwa mwingine. Nikifuatilia nyuma wateja nilionao leo, zaidi ya nusu wanarudi kwenye ngazi ile ya Tabata.

Nilipotulia nikaanza kusoma ili nijue kama ilikuwa bahati yangu tu. Kumbe jambo hili lina historia. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano mepesi. Aliwahoji watu wa kada za kitaaluma na za uongozi katika kitongoji cha Boston waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Wale waliopata kazi kupitia mtu aliwauliza: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani walau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake ukiisikia unashangaa hukuiona mwenyewe: rafiki yako wa damu anajua yaleyale unayoyajua. Mnakaa baraza moja, habari inayomfikia yeye imeshakufikia wewe. Mtu wa mbali kidogo ndiye anayeleta habari ya baraza nyingine.

Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti mkubwa wa jambo hilohilo, uliofanyika ndani ya LinkedIn kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka 5. Mtandao ulikuwa ukibadilishabadilisha watu unaokupendekezea, kisha watafiti wakaangalia nani alipata kazi wapi. Wengi wa waliokuwemo hawakujua kwamba wamo kwenye jaribio, na jambo hilo lilizua maneno, kwa haki kabisa. Matokeo yalimuunga mkono Granovetter, yakamrekebisha kidogo: waliosaidia zaidi hawakuwa wa karibu sana wala wa mbali kupindukia, walikuwa wa katikati kuelekea upande wa mbali. Tena katika shughuli zisizotegemea sana kompyuta, wale wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Kwa hiyo mama hakukosea. Kwa kazi za mtaani kwetu, mtu wa karibu bado ndiye mtu. Ila mimi nilikwenda kwenye kazi ya aina nyingine, inayosafiri kwa waya, na huko yule dada wa Kentucky alikuwa na nguvu kuliko mjomba yeyote.

Nataka lakini niseme kitu ambacho tarakimu hizo hazikisemi. Uhusiano ule ulikuwa mwepesi kwa upande wangu tu. Yeye alikuwa akinisoma, akipima ninavyofikiri, akiona kama namjibu mwenye swali dogo kwa heshima ileile. Mtandaoni kuna watu wengi kuliko tunavyowaona, na walio kimya ndio wengi. Unapomjibu mmoja, wapo mia wanaosikiliza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na miaka ile ya mwanzo mimi nilikuwa nanyosha mkono mtupu kwa watu 400.

Jambo jingine lililonishangaza ni mwelekeo. Nilidhani mtandao wa kikazi ni ngazi ya kwenda juu. Kumbe karibu kila kazi niliyoipata ilitoka pembeni, kwa mtu wa cheo changu: mfasiri aliyelemewa na kazi, mfasiri aliyekuwa na mtoto mchanga, mfasiri wa sheria aliyeletewa matini ya kilimo akaona haiwezi. Wakubwa hawana nafasi za kugawa kila siku. Wenzio wanazo, maana kila wiki kuna kazi inayomzidi mtu mmoja na kumfaa mwingine.

Na wenzio ndio wanaokukinga. Mwaka 2021 kampuni moja ya nje, jina nalihifadhi, ilinipa matini ya maneno 18,000. Kwa wiki nzima nililala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku. Nikatuma, wakashukuru, na hawakulipa. Barua pepe zikaanza kukosa majibu, simu ikaita bila kupokewa. Nilipoishiwa nguvu ndipo nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp, na ndani ya saa moja wenzangu sita wakasema wameliwa na haohao. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Kwa nini hukuuliza kabla?" Sikuwa na jibu zaidi ya kiburi cha kutaka kuonekana nimepata mteja wangu mwenyewe. ProZ, mtandao wa wafasiri ulioanza 1999, una ubao ambako wafasiri huandika mteja gani analipa na yupi halipi. Sisi tukaanza orodha yetu, na sasa hakuna anayegusa kazi ya mteja mpya kabla hajalitaja jina lake kundini.

Kuna na wezi wa CV, na hili napenda walisikie wale wanaoweka kila kitu hadharani. Mtu anachukua CV yako, anaacha jina lako na vyeti vyako, anabadilisha barua pepe tu, kisha anaomba kazi kwa jina lako na kuiharibu. Mwenzetu mmoja wa Nairobi aligundua pale mteja alipomlalamikia kwa kazi ambayo hakuifanya. Tangu hapo hatubandiki CV kamili mahali popote. Tunaeleza tunachokifanya, tunaweka kipande cha kazi, na anayetaka zaidi anaomba.

Kwa wanawake kuna mzigo wa ziada. Kukubali ombi la mtu la kuunganika si kukubali posa, lakini wapo wanaoelewa hivyo, wanaanza na "habari za kazi" na ujumbe wa tatu ni "umeolewa?" Nilipokuwa mdogo kikazi nilijibu kwa adabu nikiogopa kupoteza mtu wa maana. Sasa namfungia mlango palepale, na wadogo zangu nawaambia wafanye hivyo bila kujieleza. Mtu wa maana hapotei kwa njia hiyo.

Nimetaja kundi la WhatsApp, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. LinkedIn ni mahali pa kuvaa suti. Microsoft ilipoinunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, sehemu kubwa ya kilichonunuliwa ni ramani ya nani anamjua nani. Sikatai faida zake, bado niko pale na wateja wananikuta pale. Lakini kundi letu lilianza 2018 na watu 19, leo tuko kama 140, na admini wetu ni mwalimu mstaafu wa Morogoro anayesimamia nidhamu kama yuko darasani: siasa hapana, picha za maua za asubuhi hapana, matangazo ya fedha za haraka unatolewa siku hiyohiyo. Msiba unaruhusiwa.

Baba alifariki mwaka 2022, mwezi wa tano. Niliandika mstari mmoja tu kundini kwamba sitapatikana, niko njiani kwenda Tanga kuzika. Basi lilikuwa halijafika Chalinze simu ikaanza kuingiza ujumbe wa miamala. Elfu kumi, elfu tano, elfu ishirini. Mtandaoni wengi tunatumia majina ya utani au jina moja. Ujumbe wa muamala unaleta jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nilisoma majina matatumatatu ya watu ambao sikujua kwamba nawafahamu. Mmoja ilibidi nimuulize ni nani, akajibu, "Ni mimi, yule tuliyegombana kuhusu neno la tezi." Zikaja na za Kenya. Yule kaka wa Kampala alikosa njia ya kutuma siku ile, akapiga simu, akakaa kwenye laini bila kusema mengi mpaka tulipopita Segera. Mama alipoona ile hesabu aliniuliza, "Hawa wote ni ofisi yako?" Nikasema ndiyo, na sikuona kwamba nasema uongo.

Nimeeleza hayo kwa kirefu kwa sababu vijana wananiuliza "mbinu". Wananiandikia: dada naomba koneksheni. Siwadharau, niliandika hivyohivyo karibu mara mia mbili. Ila nitawaonyesha ujumbe mmoja nilioupokea mwaka 2023 kutoka kwa kijana wa Songea, na ameniruhusu kuuweka hapa:

"Shikamoo dada. Nimesoma kile kipeperushi cha mahindi ulichoweka kwenye ukurasa wako. Ukurasa wa pili umeandika 'mbolea ya juu'. Huku kwetu mkulima akisikia hivyo atauliza juu ya nini. Sisi tunasema mbolea ya kukuzia, na ile ya mwanzo tunasema ya kupandia. Nimeona nikuambie kabla hakijachapwa tena. Samahani kama nimekosea."

Hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyefasiri maneno nikaacha shamba. Aliamkia inavyotakiwa, alionyesha kwamba amesoma mpaka ukurasa wa pili, alileta kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na hakuomba chochote. Nilimpigia simu kabla saa haijaisha. Alikuwa amemaliza diploma ya kilimo, yuko nyumbani, anamsaidia baba yake. Leo hakuna matini ya kilimo inayotoka mikononi mwangu bila kupita kwake, na analipwa kwa kila neno. Wakala wangu mmoja sasa anampelekea kazi moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Siku aliponiambia hivyo nilifurahi kama nimepata mimi.

Angalieni pia kwamba hakunitumia CV. Kijana wa Songea aliye nyumbani kwa baba yake anayo habari ambayo mfasiri wa Tabata hana. Kila mtu anatoka mahali, na kila mahali pana maneno na ujuzi wake. Hicho ndicho cha kuanzia.

Hata hivyo, mtandao ni wa watu lakini uwanja ni wa mwingine. Mei 2025 X, ile iliyokuwa ikiitwa Twitter, ilifungwa Tanzania, na wenzangu waliokuwa wamejenga kila kitu chao pale, miaka kumi ya mazungumzo na wateja, waliamka wakiwa hawana namba ya mtu hata mmoja. Mimi nina daftari. Kila ninayefanya naye kazi namwomba simu na barua pepe, naandika kwa kalamu. Pembeni naandika na jambo moja kumhusu: ana mapacha, anasoma usiku, hapendi kupigiwa Ijumaa mchana.

Kisha ikaja Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimika nchi nzima. Siku zile sikuwa nikifikiria kazi. Nilikuwa nikifikiria ndugu zangu na majirani, na nani yuko wapi. Lakini nilikuwa na matini ya mteja wa Uholanzi inayotakiwa tarehe 31, na usiku, nikiwa macho, hilo nalo lilikuja. Mteja mwenyewe alikuwa mpya, wa miezi miwili. Nilijua ataona tu kwamba tarehe imepita na mfasiri kanyamaza.

Mtandao uliporudi simu ililia mfululizo, nikaiacha itulie. Barua pepe ya Uholanzi ilikuwa ya tarehe 30. Waliandika kwamba mwenzangu wa Mombasa amewaeleza hali ilivyo, tarehe wameisogeza, nisihangaike na kazi, niwajulishe tu nikiwa salama. Nikafungua WhatsApp. Kutoka kwa dada wa barakoa kulikuwa na ujumbe 11. Wa kwanza: "Uko salama?" Wa pili: "Uko salama mwenzangu?" Wa tano ndio ulisema: "Nimewaandikia wale wa Uholanzi, anwani nilikuwa nayo kwenye ile kazi tuliyohakiki pamoja. Sijui kama nimefanya vizuri, utanisamehe." Iliyobaki yote ilikuwa ni kuuliza niko salama.

Hatujawahi kuonana. Sijawahi kufika kwake Mombasa, naye hajavuka mpaka wa Lungalunga.

Jioni ile mama alipiga. Tuliulizana habari za kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kama wazungu wangu wameninyang'anya kazi. Nikamweleza.

"Huyo wa Mombasa," akasema, "mmejuana vipi?"

Nikamwambia akae vizuri, nitamsimulia, ilianza na sanduku la bibi yake.